Ziara ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lina haki ya kuninunia. Mara ya mwisho niliandika hapa miaka sita iliyopita, juma lile binti yetu alipotengwa, na ukurasa wenyewe umeishia katikati ya mstari. Sikuwa mgonjwa. Sikusafiri. Niliendelea kuandika madaftari ya kanisa kila wiki, kwa mwandiko ule ule, wala mkono haukuniuma. Hili tu ndilo nililolikwepa. Nakiri kosa. Siahidi kwamba halitarudiwa.

Nimerejea kwa sababu leo nina jambo ambalo sina wa kumwambia. Mtu wa kwanza ambaye ningemwambia ndiye linalomhusu.

Baada ya kikao cha baraza, mwenyekiti aliniomba nibaki. Tunamwita Mizani. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, na hata leo hawezi kushika mkate bila kuunyanyua kidogo kwa kiganja, kuona kama haukuibwa gramu. Alifunga mlango wa ofisi. Akasema mke wangu ameonekana Jumapili kwa Wakinanda — na si kwamba aliingia akakaa nyuma. Mkate ulipopita, aliumega. Kikombe kilipopita, alikunywa.

Nikauliza ni nani aliyemwona. Watu wawili, akasema, na majina anayo.

Wakinanda walikuwa sisi. Tuligawanyika miaka tisa iliyopita: wao walitaka kinanda kipigwe ibadani, sisi tukakataa. Tukawaita Wakinanda, wakatuita Wakavu. Kinanda chenyewe kiliharibika mwaka wa pili na nasikia hawakununua kingine. Ugomvi umebaki bila kinanda.

"Utaratibu unaujua," Mizani akasema. "Uliuandika mwenyewe."

Niliuandika. Wazee wawili wanakwenda nyumbani kwa mkosaji mara tatu, kwa siku tofauti. Kila mara wanamuuliza kama anatubu. Akikataa mara tatu, katibu anaandika barua, inasomwa Jumapili mbele ya washirika wote, na kuanzia hapo hakuna mshirika atakayekula naye meza moja. Hata mzazi. Hata mume. Katibu ni mimi, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Ziara zimepangwa: keshokutwa, Jumatatu ijayo, na Jumamosi ya tarehe 15. Barua ni Jumapili inayofuata.

Jioni tulikula. Aliniuliza mbona kimya. Nikasema jino.


Jumatano, 5 Machi

Ziara ya kwanza. Saa kumi kamili. Mizani, na fundi saa, ambaye ni mzee wa baraza tangu kabla yangu. Mimi nilikaa pembeni na kitabu cha kumbukumbu kwenye magoti, ndani ya sebule yangu mwenyewe, kama mgeni.

Kumbe jino halikumdanganya. Alikuwa ameweka birika na vikombe vinne.

"Mama Mwalimu," Mizani akaanza, "unajua tumekuja kwa lipi."

"Najua. Anzeni na chai, maana mkishaniuliza hamtaweza kuimeza."

Fundi saa alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mizani akauliza kama ni kweli alikula mkate wa Wakinanda. Akasema ni kweli. Mjukuu wake wa pili alikuwa anaombewa. Sinia la mkate lilikuwa mikononi mwa binti yake. "Limefika mbele yangu, mzee wangu. Mwanangu ananitazama. Ningelisukuma?"

"Unatubu?"

"Nitubu lipi? Nitajie hasa, nikaangalie kama ninalo."

Mizani akatazama vidole vyake. Mimi niliandika: *Alikiri tendo. Hakutubu.* Maneno matatu. Yale mengine yote hayana mahali pa kuandikwa kitabuni.

Walipoondoka alikusanya vikombe. Havikuguswa isipokuwa cha fundi saa. Akaninong'oneza akipita, "Na wewe umeandika nini, katibu?" Hakuna siku amewahi kuniita katibu.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda mwenyewe kununua mkate. Mtaa wetu una maduka mawili ya mkate, kwa sababu wao hawali wa kwetu nasi hatuli wa kwao. Vinyozi wawili. Mafundi cherehani wawili, wanaotazamana mlango kwa mlango, na walifunzwa kazi na mtu mmoja. Siku hizi hata mtoto akiumia barabarani watu husimama kwanza kutazama ni wa nani. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nami nilisimama.

Kanuni inakataza meza. Haikukataza salamu. Hilo la salamu tuliliongeza wenyewe, kwa bidii.

Mwokaji wetu alinifungia mikate miwili bila kuulizwa. Mkewe alitengwa mwaka wa kwanza baada ya mgawanyiko. Kwa miaka saba walikula chumba kimoja, meza mbili, nafasi ya kiganja kimoja kati yazo. Mizani alikwenda kupima kwa rula, na nakumbuka tuliiona kama huruma, maana wengine barazani walitaka hatua tatu. Mwaka jana mke akafa. Amezikwa nje ya ua wa makaburi yetu, karibu na pipa la majani.

"Habari zimeshafika, Mwalimu," mwokaji akasema. Alikuwa anapangusa unga kwenye kaunta, mbele na nyuma, pale pale. "Nikupe ushauri wa meza? Usichukue ndogo. Ya kwetu ilikuwa ndogo. Magoti yake hayakuingia. Miaka saba amekula kiubavu."

Nikamshukuru. Ndivyo nilivyojibu — ahsante.


Jumatatu, 10 Machi

Ziara ya pili. Dakika kumi na mbili. Jibu lile lile. Leo hata fundi saa hakunywa chai.

Mizani alisema "hii mambo" mara tatu. Sikumsahihisha hata mara moja. Nazeeka.

Walipokwenda nilifanya kama nifanyavyo siku zote: niliketi nikaandaa kumbukumbu za ziara inayofuata. Ni desturi yangu. Naandika kwanza kila kitu — waliohudhuria, swali, jibu, sala ya kufunga — naacha nafasi ya saa tu. Siku ikifika wazee hujaza saa na kutia sahihi. Kitabu kinabaki safi, hakuna kufutafuta. Makatibu wa makanisa mengine wamekuja kujifunza kwangu.

Ziara ya tatu: *Aliulizwa kwa mara ya tatu. Alikataa. Wazee walisali wakaondoka.* Saa: nafasi tupu.

Nikaliacha wazi mezani wino ukauke.


Jumanne, 11 Machi

Amelisoma.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza, miwani yangu puani, maana ya kwake anaipoteza kila siku. Hakuguna. Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Jumamosi haijafika," akasema.

Nikamweleza ni utaratibu tu. Akisema vingine, nitaandika upya.

"Umewahi kuandika upya?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

Akavua miwani, akaiweka juu ya kitabu, polepole, kama anayemlaza mtoto. Akasema, "Na ya mwanangu uliandika hivi hivi? Kabla?"

Nikasema nadhani hivyo.

"Basi ndiyo maana." Akaketi. "Siku ya ziara yake ya tatu hawakwenda, Baba. Alisubiri yeye na mumewe. Walikuwa wameshakubaliana: warudi kwetu wote wawili. Yule kijana fundi umeme, mtoto wa Wakinanda mtupu, alikubali kurudi kwa Wakavu kwa ajili ya mkewe. Waliweka viti. Walikaa mlangoni mpaka giza. Hakuja mtu. Jumapili akasikia kanisani kwamba amekataa mara tatu."

Nikamwambia hakunieleza hilo.

"Nilikueleza. Siku ile ile, jikoni, nikiwa na gauni la kanisani. Ukanijibu kumbukumbu zinasema vinginevyo."

Nikasema sikumbuki.

Alitoka kwenda kuanua nguo. Nikafungua daftari hili kurasa za nyuma, kwenye siku ile, ule mstari ulioishia katikati. Nilijua nitakachokikuta. Sasa ninaweza kusema kwamba nilijua miaka yote sita. Mstari unasema:

*Mke wangu anadai kwamba wazee hawaku*

Basi. Kalamu iliinuliwa hapo.


Jumatano, 12 Machi

Kwa fundi saa. Duka lake halina upana wa kulala mtu, na ukutani kila saa inasema lake. Alikuwa na lenzi jichoni. Hakuiondoa.

Nikamuuliza kuhusu ziara ya tatu ya binti yangu. Alikuwa mmoja wa wale wawili. Mwingine ni Mizani.

Aliendelea kuchokoa saa ya mtu. Kisha akasema, "Tulifika kona ya kiwanda cha matofali. Mvua ikaanza. Mizani akatazama juu, akanitazama mimi, akasema, Mwalimu ameshaandika. Tukarudi."

"Mkatia sahihi."

"Tukatia sahihi. Wewe ulituletea kalamu."

Nikasema yule alikuwa binti yangu. Nadhani sauti yangu ilipanda, maana mteja aliyekuwa mlangoni alijikumbusha shughuli nyingine.

Ndipo akatoa lenzi. Jicho lile lilikuwa na duara jekundu. "Tulidhani ndivyo ulivyotaka," akasema. "Baba mzazi ameandika *alikataa*, kwa mkono wake, siku mbili kabla. Sisi ni nani twende kumuuliza mtoto tena? Tulisema, huyu mzee ana uchungu, anataka liishe. Tulikuwa tunakustahi."

Nikamuuliza ni mara ngapi nyingine walirudia njiani.

"Unataka hesabu?" Akacheka bila furaha. "Mwalimu, wewe hata siku ya kufa utamwambia malaika asubiri kwanza, barua haina tarehe. Sina hesabu. Wengine tulikwenda. Wengine palikuwa mbali. Kitabu kilikuwa kimeshajaa."

Nikiwa mlangoni akaniita. Jumamosi hatakwenda, akasema. Atamwambia Mizani tumbo. Lakini sahihi ni jambo jingine. "Ukitia, nami nitatia. Usipotia, sitatia. Nimechoka kuwa wa kwanza kwa lolote."


Alhamisi, 13 Machi

Nimekesha — si kwa sala. Asubuhi nimefungua kabati la kanisa, nikatoa vitabu vyote vya tangu nishike kazi. Watu kumi na saba wametengwa chini ya mkono wangu. Ziara za tatu kumi na saba. Nimezisoma moja moja nikitafuta alama yoyote ya kunionyesha ipi ilifanyika na ipi haikufanyika. Wino uliobadilika. Haraka. Kosa. Hakuna. Mwandiko mmoja, safi, kurasa zote. Mke wa mwokaji yumo. *Aliulizwa kwa mara ya tatu. Alikataa.* Sijui kama aliulizwa. Mwenye kujua yupo nje ya ua, karibu na pipa la majani.

Alasiri nikaenda kwa binti yangu. Ni mitaa minne tu. Sijawahi kufika. Nyaya zimening'inia barazani, kazi ya mumewe. Mtoto mkubwa, msichana wa miaka mitano, alinitazama kupitia wavu wa mlango akapiga kelele ndani: "Mama, yule mzee wa madaftari!" Sijui nani amemfundisha. Pengine hakuna. Pengine ndivyo nionekanavyo.

Binti yangu akatoka na mtoto mchanga begani. "Shikamoo, baba."

Miaka sita. Nikaitikia. Nikamwambia nimekuja kumuuliza jambo moja: siku ile, alisubiri?

Alinitazama kwa muda. Ana macho ya mama yake, na uvumilivu wa mama yake, ambao una mwisho.

"Unauliza kama baba au kama katibu?"

"Kama baba."

"Niliweka viti vitatu," akasema. "Viwili vya wazee. Cha tatu chako. Nilidhani kwa mtoto wako ungekuja mwenyewe."

Kisha akausukuma mlango wa wavu kwa mguu. Ndani niliona meza, kitambaa cha plastiki, birika, mkate umekatwa. "Ukiwa kama baba, ingia. Chai ipo."

Nilisimama pale. Nilikuwa na kofia mkononi. Nilitazama ile meza, na mguu wangu — naandika kama ilivyokuwa — mguu wangu haukuinuka. Si kwamba sikutaka. Miaka ishirini na mbili nimewafundisha watu wasiinue mguu ule. Nikasema nimechelewa kikao.

"Haya, baba," akasema. Akaufunga wavu taratibu, usigonge.

Hakukuwa na kikao.


Ijumaa, 14 Machi

Najaribu kuliweka sawasawa, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi: kwanza sema unachokijua.

Nikisimama Jumapili nikasoma ukurasa wa binti yangu na kusema ni uongo, kutengwa kwake kunabatilika. Na hao kumi na sita waliobaki? Hakuna atakayejua. Nyumba kumi na saba zitaniuliza. Mwokaji ataniuliza, na kwake sina jibu hata la uongo. Mimi nitatengwa kwa ushahidi wa uongo, kwa kanuni niliyoiandika, na nitastahili.

Nikinyamaza, nitasoma barua ya mke wangu. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Imeshaandikwa, ndiyo, barua nayo nimeiandaa. Nimeacha nafasi ya jina. Sijawahi kuacha nafasi ya jina.

Sikumwambia kwamba nilikwenda mitaa ile minne. Anajua. Jioni ameniambia tu, "Amesema umekonda."


Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi amefagia sebule. Ameweka viti. Amevaa lile gauni la bluu, la kanisani. Nikamuuliza atawajibu nini leo. "Wakija watasikia," akasema. "Leo nina la kusema. Sitaki ulisome mahali kabla sijalisema." Kwa hiyo sijui. Huenda ni toba. Huenda ni kinyume chake. Nimeishi naye miaka yote hii, na sijui.

Saa kumi. Hakuna mtu. Yeye yuko kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani.

Saa kumi na nusu. Simu. Mizani. Goti limevimba, hawezi kukanyaga. Na fundi saa tumbo. Nikamwambia tuahirishe. Akasema washirika wamekwishatangaziwa, barua ni kesho.

"Tumemsikia mara mbili, Mwalimu. Kumbukumbu si unazo? Jaza saa. Nitatia sahihi kesho kabla ya ibada."

Nikamwambia kanuni inataka ziara tatu.

Nilisikia pumzi yake. "Leo ndiyo umeikumbuka?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisikika kama anauliza kweli. Kisha akaniombea usiku mwema, jua likiwa bado juu.

"Hawaji," mke wangu akasema. Halikuwa swali.

"Goti."

"Na mwingine?"

"Tumbo."

Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Mungu awaponye." Akainuka, akavirudisha viti mahali pake, kimoja kimoja. Cha kwake akakibakiza. "Wewe upo. Ni mzee, na kalamu unayo. Niulize wewe."

Sikumuuliza. Naandika ukweli: niliogopa. Nikimuuliza atajibu, na nikishasikia sitaweza tena kuandika *anadai* wala *kumbukumbu zinasema*. Nitakuwa nimesikia.

Akasubiri kidogo. Kisha akaenda jikoni.

Saa kumi na mbili kasoro. Ameandaa meza. Sahani moja kwenye meza kubwa, mahali pangu. Sahani ya pili ameiweka kwenye meza ya cherehani. Ameivuta karibu, akaweka kiganja kati ya meza na meza, akasukuma tena mpaka kikatosha. "Nimekupunguzia kazi," akasema. "Mizani asije na rula."

Amekaa. Chuma cha cherehani kinamzuia, magoti hayaingii. Amekaa kiubavu.

Mimi niko kando ya kabati, nimesimama, naandika nikiwa nimeegemea. Juu ya kabati kuna kitabu cha kumbukumbu cha leo, nafasi ya saa bado tupu. Chini yake kuna kile cha miaka sita iliyopita. Nimekitoa kanisani bila ruhusa, kwa mara ya kwanza maishani. Kesho saa tatu nitasimama na kimoja kati ya hivyo.

Ameniambia supu inapoa. Amesema, "Kaa basi, Baba." Hakusema wapi. Nitaandika nikishaamua.